Kioo cha Mtumba

Kwenye ukingo wa mbele wa lenzi ya Helios 44-2 kumechorwa namba ndefu, na mara nyingi tarakimu zake mbili za kwanza ndizo mwaka wa kuzaliwa. Ikianza na 79, ilitoka kiwandani 1979. Pembeni kuna nembo ndogo: ukiona mche wa kioo unaopenywa na mshale wa mwanga, hiyo ni ya Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow, kutoka kiwanda kinachofahamika kwa kifupi KMZ. Mpiga picha wa ridhaa aliyeikuta kwa muuza mitumba huisoma namba hiyo kabla hajafuta vumbi. Kisha huielekeza kwenye mwanga, huchungulia ndani kutafuta kuvu, huzungusha pete moja baada ya nyingine akisikiliza kama grisi imekauka. Ndipo huuliza bei tena, akitumaini imeshuka.

Watu wa namna hiyo wapo kila mahali siku hizi. Wana kamera ya dijitali ya juzijuzi, na mbele yake wamefunga jicho la chuma lililotengenezwa kabla wao hawajazaliwa. Wakitoka kupiga, hukaa na kompyuta hadi usiku wakizihariri picha ambazo hakuna aliyewatuma. Nina sababu moja kubwa ya kuwasifu: hawana mteja.

Mpiga picha wa harusi ana bibi harusi anayesubiri albamu, ana mama mkwe anayepiga simu kila asubuhi, na lenzi yake haina budi kupata fokasi yenyewe kabla bwana harusi hajamaliza kuvisha pete. Simlaumu akinunua lenzi mpya yenye mota. Mtu wa ridhaa hasubiriwi na yeyote. Anaweza kukaa na kasoro moja ya kioo kwa miezi, akaijaribu kwa pembe hii na ile, asubuhi na alasiri, hadi ajue inatoka wapi. Ndiyo maana leo, ukiwaondoa wahandisi wanaolipwa kuchora lenzi, sijui kundi jingine la watu linaloelewa vizuri hivyo jinsi mwanga unavyopotea njia ndani ya kioo.

Helios yenyewe ina ukoo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Carl Zeiss ya Jena, Ujerumani, ilikuwa na lenzi iliyoitwa Biotar, milimita 58, yenye tundu la f/2, kazi ya Willy Merté. Baada ya vita Jena ikawa mikononi mwa Wasovieti, na mwaka 1946 mitambo na wataalamu wa Zeiss walichukuliwa kupelekwa mashariki kama fidia. Biotar ikazaliwa upya Krasnogorsk, na baadaye ikapewa jina la mungu jua wa Wagiriki wa kale. Ilitengenezwa kwa mamilioni, kwa kuwa ndiyo iliyofungwa kwenye kamera za Zenit, kamera ya mtu wa kawaida katika Umoja wa Kisovieti. Wingi huo ndio unaomwezesha kijana asiye na fedha nyingi kuipata leo. Ingelazimu kununua Biotar ya Kijerumani, wengi wangeishia kuitazama tu.

Kwa miaka mingi lenzi hizi zilikaa makabatini kwa sababu ya milimita chache. Lenzi ya hesi ya M42, kama Helios hii, imepimwa ikae milimita 45.46 mbele ya filamu. Ukiisogeza mbali zaidi ya hapo, haioni tena mlima wala mwezi, inaona vya karibu tu. Kamera za Nikon za wakati ule zilikuwa na milimita 46.5 kutoka mdomoni hadi kwenye sensa, kwa hiyo hapo lenzi ilikuwa imeshaharibikiwa kabla hata hujaweka adapta. Canon zilikuwa na 44, zikaacha nafasi ya kipete chembamba. Mambo yaligeuka pale kamera zilipoachana na kioo cha ndani, kile kinachopandisha taswira hadi kwenye tundu la kuchungulia. Kioo hicho kilitaka nafasi ya kujiinua. Kilipoondolewa, mwili wa kamera ukawa mwembamba. Sony ilipotoa kamera zake za NEX mwaka 2010, umbali ulikuwa milimita 18 tu. Milimita 27 na ushei zinazobaki zinajazwa na bomba tupu la aluminiamu, lisilo na kioo, waya wala akili yoyote. Sijui kifaa kingine cha kijinga kiasi hicho kilichowahi kufufua vitu vingi kwa mpigo.

Kinachotafutwa na wengi kwenye Helios ni kizunguzungu chake. Tafuta mwarobaini alasiri, saa kumi hivi, jua likiwa upande wa pili wa majani. Msimamishe mtu mita moja na nusu kutoka ulipo, mti ukiwa mita kadhaa nyuma yake, kisha fungua tundu lote. Uso unatulia katikati, na majani yale madogo yanapangika kwa miviringo kuzunguka kichwa. Hakuna uchawi. Kila upenyo wa mwanga kati ya majani, ukiwa nje ya fokasi, hugeuka duara. Katikati ya picha duara hilo ni kamili. Kuelekea pembeni mwanga unaingia kwa mshazari, na ukingo wa mbele wa lenzi na ule wa nyuma unamega kila mmoja upande wake, hadi duara linabaki na umbo la tende. Tende hizo zote zimelala ubavu, zikifuata mzingo, na jicho la mtazamaji linaziunganisha zikawa mzunguko. Mti ukiwa karibu mno majani yanabaki majani. Ukiwa mbali mno maduara yanapanuka na kumezana. Funga tundu hadi f/4 na kizunguzungu kinakwisha, kwa sababu sasa tundu lenyewe ni dogo kuliko nafasi iliyoachwa na zile kingo.

Ukiwa na kamera ya sensa ndogo, pembe hizo hazifiki kabisa kwenye picha. Wapo walioinunua Helios kwa ajili ya kizunguzungu wakabaki wanajiuliza kimekwenda wapi. Sony A7 ilipokuja mwaka 2013, ikiwa na sensa ya ukubwa wa filamu, milimita 36 kwa 24, katika mwili mwembamba, ndipo pembe za lenzi za kale zilipoonekana tena zilivyo, pamoja na aibu zao zote.

Kizuri hakikosi ila, na waungwana hawa wanazijua ila za vitu vyao kwa hesabu. Kila mahali mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye kioo kisichopakwa kitu, au kutoka kwenye kioo kwenda hewani, kiasi cha asilimia 4 hurudi nyuma. Helios ina vioo 6 katika makundi 4, yaani nyuso 8 zinazogusa hewa. Bila kupakwa, zaidi ya robo ya mwanga ingepotea, na sehemu yake ingezurura ndani ya bomba na kuangukia picha mahali isipotakiwa. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alibuni utando mwembamba wa kupunguza mrudisho huo, ikasajiliwa hataza. Helios 44-2 inao utando, ila ni wa enzi zake. Ielekeze upande wa jua uone: weupe unafunika picha nzima, vivuli vinapauka, nywele nyeusi zinakuwa za kijivu. Wengine huulaani weupe huo. Wengine hukinga jua kwa kiganja cha mkono wa kushoto, wakakisogeza kidogo kidogo hadi mwanga uguse ukingo wa lenzi tu, na hapo ushungi wa mtu aliyesimama mbele yao unapata mstari wa dhahabu pembeni huku uso ukibaki na weusi wake. Lenzi ya kisasa yenye utando wa tabaka nyingi haikupi nafasi ya kuchagua hivyo. Imekwisha kukuamulia.

Lenzi ya Kijapani ya Super-Takumar, milimita 50, f/1.4, ina kisa chake. Toleo lake lenye vioo 7 lilitiwa thoriamu kwenye kioo, kwa sababu thoriamu hukifanya kioo kipinde mwanga kwa nguvu bila kuutawanya sana katika rangi zake. Thoriamu ina mnururisho, na baada ya miongo kadhaa mnururisho huo umekigeuza kioo kuwa cha manjano, wakati mwingine rangi ya chai ya rangi. Dawa yake ni jua. Lenzi inawekwa dirishani siku nyingi, wiki hata, upande mmoja ukiwa umefunikwa kwa foili, maana kioo cha kukusanya mwanga kikiachwa wazi juani kinaweza kuunguza pazia na nyumba. Manjano yanapungua polepole. Kuna wanaoiacha ilivyo na kurekebisha rangi kwenye kompyuta. Mimi si wa kundi hilo: manjano yanakula mwanga wa bluu kabla haujafika kwenye sensa, na kompyuta haiwezi kurudisha ambacho hakikuingia.

Sisi wa pwani tuna adui wetu, kuvu. Inaota ndani ya lenzi kwa unyevu na giza, nyuzi nyembamba zinazosambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, na ikiachwa sana inakula ule utando na kuacha alama isiyofutika. Hapa ndipo mtu wa ridhaa anapokuwa fundi, apende asipende. Kitambaa cheupe mezani, bisibisi ndogo, spana ya lenzi yenye ncha mbili za kuingia kwenye mifereji ya pete. Pete ya mbele inatoka, kundi la kwanza la vioo linatoka, na kila kimoja kinapigwa picha ya simu kilivyokaa, kwa sababu kioo kilichorudishwa kinyume hakisemi kitu hadi uanze kupiga picha. Kisha unafika kwenye hesi kubwa inayosogeza lenzi mbele na nyuma. Hesi hiyo haina mwanzo mmoja. Ina milango kadhaa ya kuingilia, na kila mlango unakubali kuzunguka vizuri kabisa. Usipotia alama ya penseli pale zilipoachana, utairudisha kwa mlango usio wake, lenzi itafungika barabara, pete itazunguka laini, na jengo la ng'ambo ya barabara halitapata fokasi tena. Kisha unafungua upya. Mafundi wa lenzi wamekuwa adimu, na hata yule anayepatikana hawezi kutumia siku yake nzima kwa lenzi yenye thamani ndogo kuliko ujira wake. Kazi hiyo imebaki kwa watu wanaoifanya bure.

Vibamba vya tundu la Helios mara nyingi vimelowa mafuta. Kwenye lenzi yenye springi hiyo ni balaa, kwani vibamba vinachelewa kufunga. Kwenye 44-2 haijalishi, kwani mkono ndio unaofunga. Ina pete mbili: ya kwanza unaitegesha kwenye namba unayoitaka, ya pili inazunguka laini, bila mlio wala kikwazo, kutoka wazi kabisa hadi kwenye namba uliyotegesha. Unapata fokasi tundu likiwa wazi na picha angavu, halafu unafunga kwa kidole bila kuondoa jicho. Wapiga video wameipenda pete hiyo ya pili kwa sababu ambayo watu wa Krasnogorsk hawakuifikiria.

Na kwa kuwa bomba la aluminiamu halina waya, kamera haijui lenzi gani imefungwa wala tundu limefunguliwa kiasi gani. Picha inahifadhiwa bila habari hizo. Ndiyo maana utawaona watu hawa na kijidaftari mfukoni.

Tukija kwenye kuhariri, wapo wanaojivunia kwamba picha zao hazijaguswa. Nawaheshimu, ila siwaelewi. Zamani tulipeleka filamu dukani kusafishwa, na aliyesafisha ndiye aliyeamua uso uwe mweusi kiasi gani na mbingu iwe na mawingu au isiwe nayo. Tofauti ni kwamba hatukumwona akiamua. Ansel Adams, Mmarekani aliyesomea piano kabla ya kujikita kwenye kamera, alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941. Hakuona kipima mwanga chake kwa wakati, akakadiria kwa kuujua mng'ao wa mwezi. Wengi huishia hapo kumsifu. Kwangu mimi kazi ilianza baadaye. Sehemu ya chini ya negativu, kwenye misalaba ya makaburi, ilikuwa hafifu, na miaka kadhaa baadaye aliirudisha kwenye dawa kuitia nguvu. Aliisafisha picha hiyo mara mamia kwa miongo, na ukizilinganisha, mawingu yaliyoonekana juu angani kwenye karatasi za mwanzo yamemezwa na weusi kwenye zile za uzeeni. Ni negativu ileile moja.

Lamu nako, Omar Said Bakor wa Bakor Studio alitengeneza picha za kuunganisha kwa mkono wake, kompyuta zikiwa bado habari za mbali. Programu ya Photoshop, iliyoingia sokoni 1990, inabeba hadi leo alama za chumba cha giza: kifaa cha kung'arisha kimechorwa kiduara kwenye kijiti, cha kutia weusi kimechorwa kiganja kilichokunjwa kuacha upenyo. Vijana wengi wanavibonyeza bila kujua kwamba kuna watu waliosimama gizani wakitikisa kijiti na kiganja halisi juu ya karatasi, wakihesabu sekunde kwa mdomo.

Chukua picha ya shangazi yangu chini ya ule mwarobaini, jua likiwa nyuma yake. Nimeifungua kwenye darktable, programu isiyouzwa. Kwanza rangi: pindo jeupe la kanga lina ubluu wa kivuli, nalirudisha karibu na weupe wake, nikiacha ubaridi kidogo, kwa kuwa kivulini ndiko alikokuwa. Kisha ule weupe wa jua. Umeinua vivuli vyote kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo nashusha kiwango cha weusi hadi kivuli cha chini ya kidevu kiwe na uzito, nikisimama kabla mikunjo ya shingo haijapotea. Shavu la upande wa kivuli naling'arisha theluthi moja ya hatua, si zaidi. Ukizidisha ngozi inakuwa ya tangazo la sabuni. Pembe mbili za juu natia weusi kidogo. Ule mstari wa dhahabu kwenye ushungi siugusi, wala wekundu hafifu ulioenea pembeni mwake. Ningeweza kuufuta kwa kitufe kimoja. Ila najua unatoka wapi, na nilikinga jua kwa mkono ili uwepo.

Hapo ndipo ninapoona kazi mbili hizi, ya lenzi na ya kompyuta, zinafanywa na ujuzi mmoja. Aliyewahi kuifungua Helios yake anajua kasoro ipi imesambaa picha nzima na inashushwa kwa hatua moja, ipi imejificha pembeni tu, ipi ukiiondoa unabaki na picha ambayo simu yoyote ingeipiga. Anayeanzia kwenye vitufe vya programu hana pa kusimama. Anasogeza hiki na kile hadi picha impendeze, na kesho yake haimpendezi.

Zipo programu za simu zenye kitufe cha kuzungusha mandhari ya nyuma, na kwa mbali zinadanganya. Sogea karibu. Kwenye Helios kila jani limezunguka kwa kadiri ya umbali wake kutoka kwenye fokasi. La karibu na bega halijazunguka, la mita mbili nyuma limeanza, la mita tano limekwisha kuwa tende. Kitufe hakijui umbali, kinayakoroga yote sawasawa, na mara nyingi kinakoroga na ncha ya ushungi.

Viwanda navyo vimenusa soko. Mwaka 2013 kampuni ya Lomography ilichangisha fedha kwa watu wa kawaida ili itengeneze upya lenzi ya Petzval, ya shaba, kwa kamera za kisasa. Joseph Petzval, mwanahisabati wa Vienna, alipoichora ile ya kwanza mwaka 1840 alitaka mtu aweze kupigwa picha bila kukaa kama jiwe dakika nzima. Kizunguzungu cha pembeni kilikuwa deni alilolipa kwa ajili ya mwanga. Sasa deni linauzwa kama bidhaa, kwa bei inayozidi Helios mara nyingi. Siwachukii wanaoinunua. Lakini kasoro iliyopangwa kiwandani haina la kukufundisha zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye boksi lake.

Kijana akiniuliza aanze na nini, namwambia Helios 44-2 yenye kioo safi hata kama rangi ya nje imechubuka, adapta ya M42 inayolingana na kamera yake, paketi chache za silika za kukaushia unyevu, na daftari. Asinunue lenzi ya pili kwanza. Apige mti mmoja kwa kila namba ya tundu, aandike, kisha afungue picha hizo kompyutani zikiwa zimepangwa kando kwa kando. Kama kamera yake ina uwezo wa kutuliza mtikisiko, aingize milimita 58 kwa mkono. Na kabla ya yote hayo aingie kwenye menyu atafute lile chaguo la kuruhusu kupiga picha bila lenzi, aliwashe. Vinginevyo kamera itamgomea, itamwambia hakuna lenzi iliyofungwa, naye ameishika mkononi.